Sifa kwa Asiyeweza

Kila wimbo wa kumsifu shujaa hubeba hoja: fulani anasifiwa kwa sababu anaweza. Ndivyo ulivyo wimbo wa ufunguzi wa katuni ya Spider-Man, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Septemba 1967. Maneno yalitungwa na Paul Francis Webster, muziki na Bob Harris. Wimbo unauliza kama shujaa ana nguvu, kisha unatoa ushahidi: damu yake imeingiwa na mionzi. Anasokota utando, anakamata wezi, anafika penye hatari. Mtoto anayeuimba hujifunza, pasipo kufundishwa, kwamba heshima hufuata uwezo.

Filamu ya The Simpsons Movie ya mwaka 2007 iliipindua hoja hiyo. Homer Simpson anamnyanyua nguruwe na kumtembeza darini, kwato juu, huku akimwimbia wimbo uleule kwa maneno mengine. Dari inajaa alama za kwato. Wimbo unapouliza kama mnyama huyu anaweza kuning'inia kwenye utando, unakiri wenyewe kwamba hawezi, kwa kuwa ni nguruwe. Hata hivyo sifa haikatiki. Parodia nyingi humshusha shujaa ili achekwe. Hii inamwacha alivyo na kumpa asiyeweza wimbo wake.

Hapo pana swali zito: je, mtu hupendwa kwa kuwa ana thamani, au huwa na thamani kwa kuwa anapendwa? Katika Euthyphro ya Plato, Sokrate anauliza kama jambo takatifu hupendwa na miungu kwa utakatifu wake, au ni takatifu kwa kuwa miungu inalipenda. Mjadala unaelemea upande wa kwanza. Mwanatheolojia wa Uswidi Anders Nygren, katika kitabu chake kuhusu agape, yaani upendo wa kimungu, kilichoanza kutoka mwaka 1930, alishika njia nyingine: upendo wa Mungu hautafuti thamani kwa anayependwa, bali ndio unaompa thamani hiyo.

Nguruwe wa Homer anaangukia upande wa Nygren. Shujaa huokoa, yeye aliokolewa, maana alikuwa achinjwe baada ya kutumika katika tangazo la biashara. Jina lake ni tusi midomoni mwa watu, na hana alilotenda hata aimbiwe. Sifa inayotegemea uwezo hukoma uwezo unapokwisha, nayo haiwafikii mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani wala mzee aliyepoteza kumbukumbu. Hao huhitaji upendo usiodai ushahidi.

Upendo huo una gharama. Samadi ya nguruwe huyo, aliyoirundika Homer na kuitupa ziwani, iliuletea mji wote wa Springfield maafa. Kumpenda asiyeweza ni kukubali kubeba mzigo wake. Anayempenda akiukwepa, wataubeba wasiohusika.