Je, Upendo wa Jamaa Unatosha?

Mtoto akipona ugonjwa mkubwa tumezoea kusema, "Amepona kwa kuwa alipendwa." Nasi tulisema hivyo mjukuu wetu wa miaka mitatu alipotoka hospitali ya Tumbi, Kibaha. Lakini tukilitazama vizuri neno hilo, halikai sawa.

Homa ilimshika kule Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Usiku akakakamaa, macho yakapinduka. Mama mkwe wetu, mkubwa wa nyumba, akasema ni degedege, na mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Wazee wengi wa Pwani wamelelewa na imani hiyo. Basi akafukizwa hadi alfajiri. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu miaka mingi tulijua kwamba hali ile mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Tukanyamaza. Nani ambishie mkwewe?

Je, usiku ule mtoto alikosa kupendwa? Hasha! Hakuna aliyelala. Upendo wenyewe ndio uliomzuia mlangoni.

Kulipokucha baba yake alimpakia pikipiki hadi Mlandizi, na kutoka huko Tumbi. Kilichomwokoa ni sindano ile ile iliyoogopwa, ya artesunati. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya kuijaribu kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, wakiwamo wa Hospitali Teule, Muheza, iliyoanzishwa na misioni ya U.M.C.A. Katika kila watoto 100 waliopewa kwinini walikufa kama 11. Waliopewa artesunati, kama 8 au 9.

Hao 8 nao wana mama zao. Kitanda cha jirani mama mmoja alimwahisha mwanawe kuliko sisi, na hakurudi naye. Tumwambie nini? Kwamba hakupenda vya kutosha?

Mjukuu wetu alirudi nyumbani hawezi hata kusimama. Hapo jamaa walifaa kweli: huyu uji, yule kufua, na mama mkwe kumshika mikono kila jioni asimame dede, kama mtoto mchanga. Binti yetu alitaka bibi aambiwe kosa lake. Tulimkataza, kwa kuwa yeye hakujua, sisi tulijua.

Jumapili ya shukrani tulisimama kanisani tukaeleza habari yote, isipokuwa kimya chetu cha usiku ule. Tunakieleza hapa.