Sauti ya Suzu

Mwaka 2021 Mjapani Mamoru Hosoda alitoa filamu ya katuni iitwayo Belle. Suzu, binti wa miaka 17 kutoka kijijini, alifiwa na mama aliyeingia katika mto uliofurika kumwokoa mtoto wa wengine. Tangu siku hiyo wimbo unamkwama kooni. Lakini katika ulimwengu wa intaneti uitwao U, akiwa na sura nyingine, anaimba na mamilioni wanamsikiliza.

Sisi wa Piana-Mwanga, kando ya mto Luvua, tunajua maji yanavyochukua mtu. Nikimwona Suzu, namfikiria binti wa kwaya anayejificha nyuma ya wenzake, vidole vikikunja ncha ya kitenge. Mwishoni mwa filamu Suzu anaivua ile sura, anaimba kwa uso wake mwenyewe, akitetemeka.

Wazazi, leo jioni mwombeni binti yenu awaimbie pale jikoni, nanyi mnyamaze kabisa.