Haki ya Kukataa

Oktoba 2007 watu wa Tokelau walipiga kura ya maoni kwa mara ya pili katika muda usiofika miaka miwili. Waliulizwa kama visiwa vyao, vilivyo chini ya New Zealand, vijitawale kwa ushirika huru na nchi hiyo, kama vilivyofanya Visiwa vya Cook mwaka 1965 na Niue mwaka 1974. Waliokubali walikuwa 446, waliokataa 246. Kwingine hilo lingetosha. Lakini ilikwisha kukubaliwa kwamba lazima theluthi mbili ziafiki, na zikapungua kura 16. Tokelau ikabaki kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala.

Sisi tuliolelewa kwa simulizi za bendera moja kushuka na nyingine kupanda tunashangaa: nani apewe ufunguo wa nyumba yake akaurudisha? Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyeiongoza kamati ya umoja huo ya kuondoa ukoloni katika miaka ya 1970, alikabiliana na watawala waliong'ang'ania. Huku Tokelau mtawala alikuwa tayari kuachia, wenyeji ndio waliosita.

Wana sababu. Atafu, Nukunonu na Fakaofo, vikijumlishwa vyote vitatu, havizidi sana kilomita za mraba 12, na vimeinuka mita chache tu juu ya bahari. Wakazi ni kama 1,500. Uwanja wa ndege hakuna. Meli kutoka Apia, Samoa, huchukua zaidi ya siku nzima, na mchele, petroli na barua husubiri meli hiyo hiyo. Fedha nyingi za serikali hutoka Wellington, mji mkuu wa New Zealand, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni ada za leseni za meli za kigeni zinazovua jodari.

Mwanafalsafa John Stuart Mill alisema mtu hawezi kujiuza utumwani kwa hiari, maana atakuwa ameitumia hiari hiyo kuimaliza. Wapo wanaoweza kuwasomea Watokelau hoja hiyo. Naona haiwahusu. Waliokataa hawakuuza kitu. Wanaweza kuulizwa tena kesho, na wakajibu vingine.

Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kwamba asiyejitegemea hajawa huru kamili. Lilisemwa katika nchi yenye ardhi tele. Ukikipeleka kipimo hicho kwenye kisiwa cha matumbawe, unawahukumu watu kwa udogo wa ardhi yao. Kujiamulia ni jambo jingine, na Watokelau wanalijua. Samaki wa uvuvi wa pamoja hutandazwa uwanjani kijijini, yakapangwa mafungu kwa kila kundi la kaya, na mjane asiye na mvuvi hupata fungu lake sawa na wengine. Utaratibu huo huitwa inati. Juu yake lipo baraza la wazee, taupulega, lenye mamlaka halisi juu ya mambo ya kijiji. Wellington haikuwapa hayo.

Tatizo ni kwamba inati inagawa samaki wanaofika pwani. Jodari anayevuliwa mbali na meli ya kigeni hagawiwi uwanjani; bei yake na soko lake viko mikononi mwa wengine, na bendera mpya pekee isingebadili hilo.

Tena, nani hasa anayejiamulia? Watokelau walio wengi wanaishi New Zealand, na hawakupiga kura. Nadhani ilikuwa sawa: anayeisubiri meli ndiye aamue. Ila sisemi hivyo kwa raha, kwa kuwa wengi waliondoka kufuata shule na kazi ambazo visiwa havikuwa nazo.

Kura ya tatu ikiitishwa, ningetaka karatasi isiulize hadhi peke yake. Iambatane na mkataba unaosema meli italipiwa na nani kwa miaka ishirini, na nani atakayehesabu jodari.