Je, Siri Njema Yaweza Kukaa Kati ya Mume na Mke?

 

Kuna swali ambalo akina mama huuliza kwa kicheko, lakini ndani yake si la kuchekesha. Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Masika, maana jina hilo ni la kawaida kwa Wanande wa Kongo na kwa Wakonzo wa huku vilevile. Mama Masika anataka kumtayarishia mumewe zawadi kwa ajili ya siku ya kukumbuka ndoa yao. Fedha ya kununua kitu hana. Basi ataitengeneza kwa mikono yake: kitambaa cha meza cha kutarizi, chenye majina yao wawili. Anataka mume asijue mpaka siku ile ifike, kwa hiyo anashonea kwa jirani. Lakini alipofunga ndoa alifundishwa kwamba mume na mke ni mwili mmoja na hawafichani kitu. Je, anatenda dhambi? Na Baba Masika akimuuliza, "Mama, mbona siku hizi unakawia sana kwa jirani?" amjibu nini?

Mtu anaweza kusema hili ni jambo dogo, watu wanatafuta chakula. Ni kweli ni dogo. Lakini nyumba nyingi hazibomolewi na mambo makubwa. Hubomolewa na vijambo vidogo ambavyo hakuna aliyevitazama vizuri.

Kunyamaza na kudanganya

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika ndoa mume na mke ni mtungi na kata, kila mmoja anafika ndani ya mwenzake mahali ambapo mtu mwingine hafiki. Ndiyo maana siri kati yao huuma kuliko siri kati ya majirani.

Hata hivyo, kuficha na kusema uongo si kitu kimoja. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliandika vitabu viwili juu ya uongo. Alikuwa mkali sana: hakukubali uongo wowote, hata ule unaosemwa kwa nia njema. Lakini mtu huyo huyo mkali alifundisha kwamba kunyamaza juu ya jambo la kweli si uongo. Anayenyamaza hajapanda neno la uongo katika moyo wa mwenzake.

Basi Mama Masika akiulizwa, asiseme, "Nilikwenda kwa mgonjwa." Huo ni uongo, na kitambaa kizuri hakitausafisha. Anaweza kusema kwa tabasamu, "Baba, kuna jambo jema ninalitengeneza. Nivumilie siku chache, utaliona." Hapo hajadanganya. Mume anajua kwamba kuna siri, anajua kwamba ni njema, na anajua kwamba ina mwisho. Kilichofichwa ni kitu chenyewe tu.

Abigaili alingoja mpaka asubuhi

Biblia inatupa mfano wa mke aliyemficha mumewe jambo kubwa (1 Samweli 25). Nabali alikuwa amemtukana Daudi, na Daudi alikuwa njiani na watu wake wenye panga. Abigaili akachukua mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano na vitu vingine, akaenda kumlaki Daudi. Hakumwambia mumewe. Alifanya hivyo ili damu isimwagike nyumbani kwake.

Mara nyingi tunaishia hapo tunapohubiri juu yake. Tusome mbele kidogo. Aliporudi alimkuta Nabali amelewa, akanyamaza. Kulipopambazuka, divai ilipomtoka, akamweleza yote. Siri yake ilidumu usiku mmoja. Hakuifanya kuwa desturi ya nyumba, wala hakuitumia kumdharau mume mbele ya watumishi. Ilikuwa na sababu, ilikuwa na mpaka, na mtu wa kuambiwa alikuwa mumewe mwenyewe.

Siri zinazoua

Sisi tuliovukia Mpondwe tunajua pia siri za namna nyingine. Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulipothibitishwa katika wilaya ya Kasese, na wagonjwa wakatunzwa Bwera, wahudumu wa afya walikuwa wakiuliza watu: ulikuwa na nani, ulimgusa nani, ulikwenda mazishi gani? Katika ugonjwa kama huo, mtu akimficha mke wake kwamba alimwosha marehemu, anamweka mke na watoto karibu na kaburi. Siri ya namna hiyo hailindi mtu.

Ziko nyingine zisizo na homa lakini zinaharibu vilevile. Mume anaweka kadi ya chakula rehani na mke hajui, mpaka siku ya mgawo. Mke anakopa katika kikundi cha akiba kwa jina la familia, na mume anapata habari kwa mdai mlangoni. Siri hizi hazina siku ya kufunuliwa. Mwenye nazo anaomba zisijulikane kamwe. Hapo ndipo tunapoona tofauti. Mwenye siri ya zawadi anahesabu siku akitamani ijulikane. Mwenye siri mbaya anahesabu siku akiogopa kujulikana.

Kwa hiyo kabla ya kuficha kitu, mume au mke ajiulize mambo matatu. Kwanza, siri hii inaisha lini? Pili, ikifunuliwa leo kwa bahati mbaya, mwenzangu atafurahi au atalia? Tatu, ninachotumia ni changu kutoa, au ni cha nyumba nzima?

Mafuta ya Mariamu na unga wa watoto

Swali hilo la tatu ndilo gumu katika maisha yetu. Mwezi wa Aprili 2020 mgawo wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulishuka kuwa asilimia 70 ya mgawo kamili. Februari 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60, na mwaka 2023 familia zikaanza kupangwa katika makundi kulingana na uhitaji. Katika nyumba ya namna hiyo, zawadi ni jambo la kiakili kweli?

Swali hili liliulizwa Bethania (Yohana 12:1-8). Mariamu alimpaka Yesu miguu marhamu ya thamani, na Yuda Iskariote akalalamika kwamba yangeuzwa dinari 300 wakapewa maskini. Yesu alimtetea Mariamu. Kwa hiyo si kila kitu kisicholiwa ni hasara. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na jamaa zake haishi kwa posho na maharage tu. Anahitaji pia kujua kwamba yuko mtu anayemfikiri.

Lakini tusimtumie Mariamu vibaya. Marhamu yale yalikuwa yake mwenyewe. Hakuuza unga wa watoto ili ayanunue. Mama anayepunguza uji wa mtoto ili anunue nyuzi za rangi hatoi zawadi yake, anatoa zawadi ya mtoto bila kumwomba. Ndiyo maana zawadi ya mikono inatufaa sisi. Haihitaji fedha nyingi. Nyuzi huweza kufumuliwa katika sweta kuukuu, kitambaa kikatoka katika shuka iliyochanika pembeni, na mafunjo ya mkeka yakakatwa kando ya maji. Kinachotolewa hasa ni saa za mtu. Mama anayeshona baada ya kuchota maji, kulima na kupika anatoa mapumziko yake, na hayo ni yake kutoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wengine husema kukumbuka siku ya ndoa ni desturi ya Wazungu. Tumtazame Hana. Kila mwaka alimshonea mtoto wake Samweli kanzu ndogo na kumpelekea (1 Samweli 2:19). Kila mwaka alipaswa kufikiri: amekua kiasi gani, mikono imefika wapi? Hiyo ndiyo maana ya zawadi ya mwaka. Inamlazimisha mtoaji kumpima tena mtu anayempenda, asimdhani kuwa ni yule wa mwaka jana. Mume aliyevuka mto Lhubiriha na mzigo kichwani si yule aliyelipa mbuzi wa mahari kule Beni. Mke naye si yule. Wanahitaji kutazamana upya.

Neno kwa akina baba

Akina baba msicheke mkidhani tunasema na akina mama tu. Nanyi mna mikono. Lakini tupambanue zawadi na deni. Paa likivuja juu ya kitanda, kulitengeneza ni deni. Choo kikijaa, kuchimba kingine ni deni. Mume asingoje siku ya ndoa ili afanye alichopaswa kufanya mwezi uliopita, kisha adai kusifiwa.

Zawadi inaanzia pale deni linapoishia. Kigoda cha kimo chake, ili asiiname sana anapopika, ni zawadi. Kichanja cha vyombo kilichofungwa vizuri, sanduku la mbao la kuwekea Biblia na hati zake, ni zawadi. Katika Torati mume mpya aliachwa mwaka mzima asiende vitani, akae nyumbani amfurahishe mkewe (Kumbukumbu la Torati 24:5). Mungu aliona furaha ya mke kuwa kazi ya kutosha kumtoa mtu jeshini.

Jambo la ghafla

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini tushughulike na kuficha? Si angempa tu waziwazi?

Wapendwa, fikirini ni mambo gani yametujia kwa ghafla. Milio ya bunduki usiku ilikuja ghafla. Habari ya kifo ilikuja ghafla. Majirani zetu wa Kasese nao wanajua, maana mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, haukumngoja mtu afunge mizigo. Mtu akiishi hivyo miaka mingi, moyo wake hujifunza kwamba kila kisichotarajiwa ni kibaya. Mlango ukigongwa, anashtuka. Simu ikilia usiku, anashika kifua.

Mtu wa namna hiyo akikuta mezani kitu kizuri ambacho hakukitazamia, ambacho mtu alikitengeneza wiki tatu akimfikiri, anafundishwa jambo ambalo hotuba haiwezi kumfundisha. Anajua kwamba jambo jema nalo laweza kuja bila kutangazwa. Anajua kwamba wakati yeye hajui, hakuwa anawindwa tu, alikuwa pia anapendwa. Ndiyo sababu tunasema siri ya Mama Masika si dhambi. Inaweza kuwa huduma.

Lakini sababu hiyo hiyo inatuwekea mpaka. Moyo uliozoea mabaya ya ghafla unaogopa upesi. Mwenzako akiona unakawia, unanong'ona, unaficha kitu chini ya godoro, huenda asifikiri juu ya zawadi. Atafikiri juu ya mtu mwingine, au juu ya kukimbiwa, au juu ya ugonjwa. Wako kati yetu walioachwa kweli, bila neno. Ukiona hofu imeingia machoni pake, usiseme, "Acha ateseke kidogo, mwisho atafurahi." Toa kitambaa siku hiyo hiyo, hata kama kimebaki nusu. Mwambie, "Ni hiki. Kilikuwa chako." Afadhali zawadi ijulikane mapema kuliko mwenzako akose usingizi. Kitambaa nusu kilichotolewa kwa wakati ni zawadi kamili. Kitambaa kamili kilichonunuliwa kwa machozi yake hakina thamani, kwa sababu umempenda kushtua kwako kuliko ulivyompenda yeye.

Huo ndio mpaka wa siri njema: iko chini ya upendo, na upendo ukiita, inafunguka mara moja.

Ikiwa hati ya ndoa iliungua au ilibaki njiani na hamkumbuki tarehe, chagueni siku pamoja. Mungu hatadai karatasi. Wajane na wagane mlio kati yetu, hatujawasahau. Dorkasi aliwashonea wajane nguo, na siku ya kifo chake walisimama wakizionyesha wakilia (Matendo 9:36-42). Kazi ya mikono inaweza kumfikia hata aliyebaki peke yake, na kanisa lisiache hilo.

Bwana azibariki nyumba zenu, na mikono yenu isipungukiwe kazi njema. Amina.