Sadaka ya hadharani

Klabu za huduma ni nadra kutoa kwa siri. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris, hutangaza miradi yake kwa kuwa wachangiaji wanataka kujua fedha zinakwenda wapi. Anayechangia dola 1,000 hutunukiwa pini yenye jina la mwasisi huyo. Je, hiyo bado ni sadaka?

Injili ya Mathayo inakataza kuipigia sadaka tarumbeta. Sura ya Al-Baqarah katika Kurani, aya ya 271, ni laini zaidi: kuidhihirisha ni vizuri, kuwapa mafukara kwa siri ni bora. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliipa siri daraja la pili kati ya manane. La juu kabisa ni kumwezesha mtu, kwa mkopo, ubia au kazi, asiombe tena.

Hapa vinalindwa vitu viwili: nia ya mtoaji na uso wa mpokeaji. Nia hukaa moyoni, na klabu haina moyo. Uso unaonekana: mama ameshikishwa mfuko wa unga mbele ya bango la wafadhili, anaombwa atabasamu tena kwa kuwa picha ya kwanza imetoka na ukungu. Hesabu zinaweza kubandikwa ukutani bila picha hiyo. Kampeni ya Rotary dhidi ya polio, iliyoanza mwaka 1985, inajulikana duniani kote, lakini mtoto anayedondoshewa chanjo mdomoni hadaiwi shukrani, maana wenzake wote mtaani wamepewa.