Je, Hukumu Ikifutwa, Kosa Nalo Limefutwa?

Wapenzi wakatekumeni, tumfikirie mtu wa Fungurume aliyeiba nyaya za shaba, akahukumiwa, akakaa gerezani hata kifungo chake kikaisha. Sasa analima, analea watoto wake, wala hagusi cha mtu. Lakini aendapo kuomba kazi mgodini, anatakiwa kuleta hati ya serikali ionyeshayo kama amepata kuhukumiwa. Moyo wake wauliza: "Nimekwisha adhibiwa. Mbona kosa langu lanifuata?"

Tutazame kwanza sheria ya Kongo yasemaje, kisha dhamiri yasemaje.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni rehema ya Rais wa Jamhuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 87, yampa uwezo wa kuondoa adhabu, kuibadili au kuipunguza. Rehema hiyo yafungua mlango wa gereza, lakini hukumu yenyewe yabaki. Ya pili ni msamaha wa jumla, utolewao kwa sheria ya nchi. Ulitolewa hivyo tarehe 11 Februari 2014 kwa makosa ya uasi, ya vita na ya siasa. Ubakaji na mauaji ya kimbari havikusamehewa, wala mwizi wa nyaya hakuhusika. Ya tatu ndiyo imfaayo mtu wetu: kurudishiwa heshima na mahakama, kwa amri ya tarehe 21 Juni 1937, iliyotungwa zamani za Wabelgiji. Mwombaji sharti awe amemaliza kifungo, amelipa faini na fidia, tena ameishi kwa mwenendo mwema katika muda wa kujaribiwa. Hapo hukumu yaacha kumfunga kwa siku zijazo.

Angalieni vema: kabla ya kufuta, sheria yauliza, "Je, uliyemnyang'anya amepata haki yake?" Hapo sheria na dhamiri zakutana. Zakayo hakutosheka na kujuta. Aliahidi kurudisha mara nne. Asiyeweza kulipa yote leo, na aanze na kidogo alicho nacho.

Wapo wasemao, "Njia hiyo ni ndefu, afadhali kununua hati safi kwa mwenye muhuri." Hao waponya kidonda kwa sumu. Hati ya kununua yaliacha kosa la kwanza mahali pake na kuongeza la pili, na mwenye nayo hulala kwa hofu kila siku.

Tena kijiji nacho kina kitabu chake, kiandikwacho kwa ulimi. Mahakama imekwisha kumrudishia mtu heshima, naye jirani angali akimwita mwizi mbele ya watoto wake! Kitabu hicho hakuna jaji awezaye kukifuta. Ni kazi yetu sisi. Si lazima kumkabidhi ufunguo wa ghala siku ya kwanza, maana busara si chuki. Lakini aliyelipa deni lake asidaiwe mara ya pili.

Swali: Je, kufutiwa hukumu ni kufutiwa dhambi?

Jibu: La. Mahakama yaondoa mzigo wa hukumu. Dhambi husamehewa na Mungu kwa mwenye kutubu. Lakini pande zote mbili zadai jambo moja: kumrudishia jirani haki yake na kuishi maisha mapya.