Je, Samaki wa Ziwa Wana Mwenyewe?

Ulizo hili si geni kwenu mkaao kando ya ziwa Tanganyika, tangu Uvira mpaka Kalemie na Moba. Watu husema hivi: Shamba lina mwenyewe, mbuzi ana mwenyewe, hata mwembe ulio katikati ya kijiji una mwenyewe, lakini samaki aliyemo majini hana mwenyewe mpaka mtu amemkamata. Basi mtu avuaye usiku, katika mtumbwi wake, kwa jasho lake, awezaje kuitwa mwizi? Amemwibia nani?

Neno hili lina nguvu, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Hata sheria za kale za Roma zilinena vivyo hivyo: mnyama wa porini, ndege wa angani na samaki wa majini ni mali ya yule amkamataye kwanza. Kwa hiyo tulichungue polepole. Na kwanza tuitazame kazi yenyewe jinsi ilivyo, maana mtu asiyeijua kazi ya usiku ziwani huwahukumu wavuvi ovyo.

Ndagala ni samaki mdogo. Ni mara chache apitapo sentimeta 10. Jamaa yake ni dagaa wa baharini, ingawa ziwa letu liko mbali sana na bahari. Maisha yake ni mafupi, kadiri ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mchana hukaa chini penye giza, akijificha mbele ya adui zake, yaani mikebuka na wengine wakubwa. Jua likishuka, vijidudu vya majini vilivyo chakula chake hupanda juu, naye hupanda akivifuata. Ndiyo sababu huvuliwa usiku. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini msidhani kwamba samaki wamejaa mpaka chini. Upande wa kaskazini, ukipita kama mita 100, na upande wa kusini kama mita 200, maji hayana tena hewa ya kumfaa samaki. Ziwa ni kama nyumba kubwa mno ambayo watu waweza kukaa katika chumba kimoja tu, nacho ni kile cha juu.

Wazee waliwasha moto wa kuni kwenye ncha ya mtumbwi, wakawachota samaki kwa lusenga. Katika miaka ya 1950 zilienea taa za karabai, pamoja na mitumbwi iliyofungwa miwili miwili kwa miti, wavu ukishushwa katikati, chini ya nuru, na kuinuliwa samaki wakiisha kukusanyika. Siku hizi taa nyingi ni za betri. Lakini giza ni lile lile. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika siku kadhaa, kwa kuwa nuru ya mbinguni huishinda nuru ya taa na samaki hawakusanyiki. Mwezi ukifa, mtu asimamaye mlimani huona taa nyingi sana juu ya maji, utadhani mji umejengwa huko. Ni kazi ya baridi, ya usingizi na ya hatari. Upepo wa ghafula umewaacha wajane wengi katika vijiji vyenu, nanyi mwawajua kwa majina.

Wako wenye moyo mwepesi wasemao kwamba taa yenyewe ni hila: samaki aifuata nuru, kumbe afuata kifo. Sikubaliani nao. Uongo wataka mtu wa kuambiwa neno. Samaki hakuambiwa neno. Mtego, ndoana na chambo ni werevu ambao mwanadamu amepewa ili ale. Hata mitume waliokuwa wavuvi katika ziwa la Galilaya walifanya kazi yao usiku, wala hatusikii kwamba walilaumiwa kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, iko nchi ambayo taa kama hiyo ilikatazwa, na yafaa kujua kwa nini. Huko Uskoti, kaskazini ya Ulaya, yuko samaki mkubwa aitwaye samoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakua huko, kisha hurudi katika mto ule ule aliozaliwa ili atage mayai. Hutaga katika majira ambayo majani ya miti huanguka na baridi huanza. Wakati huo hukusanyika penye maji machache yenye changarawe, naye amechoka kwa safari. Watu wa zamani walitoka usiku katika mashua ndogo, mmoja ameshika mwenge, mwingine mkuki wenye meno mengi. Samaki akaonekana wazi chini ya nuru, akachomwa. Sheria ya mwaka 1868 ilikataza kumvua samoni kwa moto na kwa mkuki wa namna hiyo. Ni kweli kwamba mito mingi ya huko ilikuwa na wenyewe, nao ni matajiri, na sheria ile iliwafaa wao kuliko maskini. Tusilifiche jambo hilo. Lakini sababu ya pili ilikuwa njema. Mwenge ule ulimwonyesha samaki mwenye mayai, saa asipoweza kukimbia, na kumwua jike mmoja ni kuharibu mayai maelfu pamoja naye.

Basi mwaona kwamba shauri si la taa. Shauri ni hili: nuru yamkusanya samaki yupi, na macho ya wavu yamwacha nani apite?

Sasa turudi kwetu. Ndagala wachanga hupenda kukaa karibu na ukingo. Mtu akichukua chandarua cha mbu, akakishona kwa kingine, akakikokota ufukoni, hakuna kitu kitakachopita. Huo si wavu tena, ni kitambaa. Atajaza ndoo ya vitoto vyembamba kama nyuzi, ambavyo vikikaushwa juani hubaki kidogo tu, tena bei yake ni ndogo. Na katikati ya ziwa pia wako wenye nyavu za macho madogo kupita kiasi. Nao wana ulinzi mmoja mkubwa: usiku mwenzako huiona taa yako, lakini hauoni wavu wako.

Je, huyo ameiba?

Tufikiri juu ya sahani ya bukari. Watoto sita wameizunguka. Tonge lililo mbele yako halina jina lako wala jina la ndugu yako. Ni lako ukiisha kulitwaa, kama samaki wa sheria ya Roma. Hakuna mtoto aliyeambiwa kwamba ana matonge manane. Walakini kila mtoto aliyelelewa ajua kwamba kuna kula, na kuna kunyang'anya. Taa ikizimika ghafula, mmoja akaivuta nyama yote upande wake, je, mama akiwasha taa atasema, Huna kosa, maana nyama haikuandikwa jina? Hasha. Nyama ile haikuwa ya mmoja, lakini haikosi wenyewe. Hapo ndipo wanapopotea wale wasemao kwamba samaki hana mwenyewe. Wanachanganya mambo mawili: kitu kisicho na mwenyewe mmoja, na kitu kisicho na mwenyewe kabisa. Ziwa hili ni sahani ya nchi nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, nazo zilitia sahihi mapatano ya kulilinda pamoja mwaka 2003.

Na tena, katika nyumba nzuri, mtoto mmoja akiwa ametumwa kisimani, wenzake humwekea sehemu yake. Hayupo, hasemi, hawezi kushtaki. Lakini sehemu yake ipo. Watoto watakaozaliwa katika kijiji chenu ni kama huyo aliyetumwa kisimani.

Mtu mwerevu atajibu: Huyo wa kisimani yupo duniani, ana jina. Yule ambaye hajazaliwa si mtu bado, nitamkoseaje asiyekuwako? Basi nami namwuliza: Mtu akichimba shimo njiani leo, akalifunika kwa majani, na baada ya miaka kumi mtoto wa miaka mitano akatumbukia humo, mchimbaji atajitetea kwamba siku ile mtoto huyo alikuwa hajazaliwa? Hakuna baraza la wazee litakalompokea kwa maneno hayo. Kosa laweza kumngoja mtu ambaye bado hajafika. Tena, kwa ndagala, kungoja kwenyewe si kurefu. Kwa kuwa samaki huyu hukua upesi, mchanga wa leo angekuwa amekomaa na kutaga kabla ya mwaka kwisha. Mara nyingi anayenyang'anywa sehemu yake ni jirani wa mtumbwi wa pili, au mvuvi yule yule katika miezi ijayo.

Liko neno lingine ambalo wavuvi hulisema kwa uchungu, na hili nalipa heshima kubwa: Nikiacha mimi, mwingine atachukua. Mimi nitalala njaa, na samaki atakwisha vile vile. Mwenye kusema hivyo si mwovu. Amepiga hesabu, na kwa mtu mmoja peke yake hesabu yake ni ya kweli. Ndiyo sababu jambo hili halikamiliki kwa wema wa mtu mmoja, lataka mapatano. Nchi hizo nne zilipatana kufunga uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaane na kukua. Mapatano ya namna hii huondoa lile neno la “mwingine atachukua”, kama kila upande ukiyashika. Lakini mapatano nayo yana deni lake. Ukimwambia mtu asiye na shamba wala mbuzi kwamba asivue kwa miezi mitatu, lazima ufikiri juu ya chungu chake. Kuufunga mlango wa ziwa bila kumfungulia mlango mwingine ni kumfundisha kuvua kwa siri.

Na njaa yenyewe je? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kuu kabisa, akitwaa chakula cha mwingine ili asife, hakuiba kwa kweli. Basi mjane akokotaye chandarua usiku mmoja kwa sababu watoto hawajala tangu jana, mimi sitamwita mwizi, wala ninyi msimwite. Lakini ruhusa ya shida hufuatana na shida yenyewe. Ikiondoka, nayo huondoka. Haiwi desturi ya kila usiku, wala haimfuniki yule anunuaye vyandarua kumi na kuwaajiri vijana wavikokote, huku yeye amelala nyumbani ameshiba. Wala haimfuniki mchuuzi anayejua vizuri kilichomo katika magunia, akayapakia kwenda kuyauza mbali.

Tena tusimtwike mvuvi mizigo yote. Wataalamu wameeleza tangu mwaka 2003 kwamba maji ya ziwa yameongezeka joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vema na yale ya chini, ambayo ndiyo yenye rutuba. Basi mimea midogo ya majini hupungua, na vijidudu hupungua, na samaki vilevile. Joto hilo halikutoka katika mitumbwi ya Moba. Asilimia kubwa yake latokana na moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, ambazo watu wake hawajapata kuonja ndagala. Nao wamenyosha mkono katika sahani, ingawa hawakuketi pamoja nasi. Mtu akimkemea mvuvi maskini peke yake, akanyamaza juu ya hao, hukumu yake ina jicho moja.

Lakini sehemu ya mvuvi, ingawa ni ndogo, ni yake kweli. Na hapa lazima kutofautisha tena, maana katika mtumbwi si wote walio sawa. Mwenye vyombo ndiye anunuaye wavu. Wavuvi wake huitwa jioni, hupiga kasia, hushika taa, huinua, na asubuhi hupewa sehemu yao. Kijana wa namna hii hakuchagua macho ya wavu. Akikataa kuuinua usiku, katikati ya maji, atashushwa kesho, na mwingine atakaa mahali pake kabla jua halijachwa. Siwezi kumwambia kwamba hatia yake ni sawa na ya bwana wake. Walakini iko siku ambayo neno lake lina uzito. Wakati wa mwezi mpevu, na tena katika miezi ya kufungwa, wavu hutandazwa juu ya mchanga, mwenye vyombo huja kuutazama pamoja na watu wake, na wote hukaa wakitengeneza palipochanika. Hapo huamuliwa kama utatiwa kiraka au utanunuliwa mwingine, na wa macho gani. Mvuvi mzee aliyemtumikia miaka mingi aweza kusema hapo bila kuonekana mkaidi, na vijana waweza kumwunga mkono. Usiku, taa ikiisha kuwashwa na samaki wakiisha kuja, shauri hilo limekwisha kukatwa.